Kuitafuta x Kariakoo: Mlinganyo wa Herufi Moja Hatua kwa Hatua

Swali la kwanza. Winga (dalali) wa Mtaa wa Kongo anakuuzia mashati sita kwa shilingi 150,000, na unajua kwenye kila shati ameweka cha juu cha shilingi 5,000. Dukani shati moja ni kiasi gani? Swali la pili. Tafuta thamani ya x ikiwa 6(x + 5,000) = 150,000.

Mpe swali la kwanza kijana anayeshinda dukani kwa mjomba wake Kariakoo, atakujibu "elfu ishirini" papo hapo. Mpe la pili kijana huyohuyo akiwa darasani na sare yake, na mara nyingi atakuuliza hapa inatumika kanuni gani. Maswali haya ni swali moja. Namba ni zilezile, jibu ni lilelile, hata hatua za kulifikia ni zilezile. Tofauti ni kwamba la pili limeandikwa kwa herufi na alama.

Pengo hili linastahili kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu mlinganyo wa herufi moja ndio mlango wa aljebra yote. Asiyeuelewa atakwama kwenye milinganyo ya herufi mbili, kwenye grafu, kwenye fizikia na kemia, na baadaye kwenye uhasibu. Kati ya mwaka 2020 na 2024, waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania walikuwa kila mwaka kati ya takriban moja ya tano na robo ya watahiniwa. Sababu zinazotajwa ni nyingi: uhaba wa walimu, madarasa yaliyofurika, lugha ya kufundishia. Zote ni za kweli. Lakini ipo sababu nyingine iliyo ndani ya somo lenyewe, katika namna tunavyofundisha kuitafuta x.

Kutatua mlinganyo kunahitaji mambo mawili tu: kujua kurudi nyuma, na kujua kulinda usawa wa pande mbili. La kwanza watoto wa Kariakoo wanalo tayari, wamelipata kwenye meza za biashara. La pili halipatikani mtaani, lazima lifundishwe. Na hilo ndilo tunalolifunika kwa kanuni ya mkato inayorudiwa madarasani mwetu: "ikivuka sawasawa inabadili alama".

Ilikuwapo kabla ya x

Hesabu ya kutafuta kisichojulikana ni ya zamani kuliko herufi tunazoiandikia. Barani kwetu, Misri, mwandishi aliyeitwa Ahmes alinakili kwenye mafunjo, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, mkusanyo wa hesabu ambao leo umehifadhiwa London. Hesabu ya 24 inauliza: kiasi fulani ukikijumlisha na sehemu yake ya saba unapata 19, ni kiasi gani? Wamisri walianza kwa kukisia. Chukua 7, kwa kuwa inagawanyika kwa saba. Saba na sehemu yake ya saba ni 8. Tunataka 19, siyo 8, kwa hiyo kisio letu tulikuze kwa kiwango kilekile kinachoifanya 8 iwe 19. Jibu ni 7 mara 19 gawanya kwa 8, yaani 16 na sehemu tano za nane. Sisi leo tungeandika x + x/7 = 19 na kufika palepale.

Baghdad, karibu mwaka 820, al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichoifanya aljebra iwe elimu yenye utaratibu wake. Hakutumia herufi wala alama. Alieleza kila kitu kwa maneno. Na alisema wazi alikusudia hesabu ambazo watu wanazihitaji katika mirathi, wasia, mgawanyo wa mali, mashauri, biashara na upimaji wa ardhi. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mirathi na wasia.

Msomaji wa pwani yetu hatashangaa. Marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na baada ya kulipa madeni zimebaki shilingi 64,000,000. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumni, yaani 8,000,000. Zilizobaki ni 56,000,000, na kila mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Fungu la binti mmoja tuliite x. Watoto wawili wa kiume wana 2x kila mmoja, mabinti watatu wana x kila mmoja:

4x + 3x = 56,000,000
7x = 56,000,000
x = 8,000,000

Kila binti milioni nane, kila kijana milioni kumi na sita. Ukijumlisha mafungu yote na la mama yao, unarudi kwenye 64,000,000 kamili.

Alama zetu zilikuja baadaye sana. Alama ya sawasawa ya mistari miwili ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1557 katika kitabu cha Robert Recorde, mtu wa Wales. Mazoea ya kutumia x kwa kisichojulikana yalienea kutokana na kitabu cha Mfaransa René Descartes cha mwaka 1637. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka elfu tatu watu walitatua milinganyo bila x. Mwanafunzi anayeitetemekea herufi hiyo aambiwe ukweli huu: x ni ufupisho wa maandishi, basi. Hesabu yenyewe ilikuwapo.

Nguvu ya kurudi nyuma

Kila mwanafunzi wa Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ni mpangilio wa kukokotoa pale namba zote zinapojulikana. Kinachosahaulika ni kumwambia mtoto kwamba anapotafuta x, mpangilio huo anausoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Cha mwisho kufanywa ndicho cha kwanza kufunguliwa.

Chukua mfano. Umenunua doti tatu za khanga za bei moja, ukamlipa mbeba mzigo 4,000, umetumia 40,000 kwa jumla. Doti ni shilingi ngapi? Tukiita bei ya doti x, habari hii inasomeka hivi:

3x + 4,000 = 40,000

Jiulize x imefanyiwa nini. Kwanza imezidishwa kwa 3, halafu imejumlishiwa 4,000. Sasa rudi nyuma. Kwanza ondoa ile 4,000 iliyokuja mwisho:

3x + 4,000 − 4,000 = 40,000 − 4,000
3x = 36,000

Kisha tengua kuzidisha kwa kugawanya:

3x ÷ 3 = 36,000 ÷ 3
x = 12,000

Halafu hakiki, hatua ambayo wanafunzi wengi wanairuka. Rudisha 12,000 pale penye x: tatu mara 12,000 ni 36,000, ongeza 4,000, ni 40,000. Jibu limejithibitisha lenyewe. Huhitaji mwalimu akuwekee vema.

Mashati ya winga yanafuata njia hiyohiyo. Katika 6(x + 5,000) = 150,000, cha mwisho kufanyika ni kuzidisha kwa sita, kwa hiyo kugawanya kunatangulia: x + 5,000 = 25,000. Ukitoa 5,000 unapata x = 20,000. Ndivyo kijana wa dukani alivyofanya kichwani. Njia ya pili ni kufungua mabano kwanza: 6x + 30,000 = 150,000, kisha 6x = 120,000, kisha x = 20,000. Njia zote mbili ni halali, ila ya pili ina mtego. Wanafunzi wengi huandika 6x + 5,000, wanaizidisha x na kuiacha 5,000. Mwambie mwanafunzi huyo ameandika habari ya winga aliyeweka cha juu kwenye shati moja tu kati ya sita, naye ataliona kosa mwenyewe. Anayesahau kanuni ya mabano hasahau biashara ilivyokwenda.

Mahali hesabu ya kichwani inapoishia

Kurudi nyuma kuna mpaka wake. Kunafanya kazi x ikiwa imetajwa mara moja tu, upande mmoja. Ikitajwa pande zote mbili huna mwisho wa kuanzia.

Mama lishe wa Gerezani anauza sahani ya wali kwa 3,000. Mchele, maharage, mafuta na viungo vinamgharimu 1,800 kwa sahani. Kila siku, auze asiuze, analipa 24,000 za pango la banda, mkaa na msaidizi. Auze sahani ngapi ndipo arudishe gharama zake zote? Mapato yake ni 3,000x. Gharama zake ni 1,800x na zile 24,000. Anapotoka sare:

3,000x = 1,800x + 24,000

Ukianza na upande wa kushoto huwezi kurudi popote, maana hujui 3,000x ni kiasi gani. Upande wa kulia una x vilevile. Hapa ndipo usawa unapohitajika.

Usawa huo unaeleweka vizuri kwa mizani ya sinia mbili. Mizani ikiwa imetulia, ukiondoa uzito uleule sinia zote mbili itaendelea kutulia, hata kama hujui uzito wa mfuko uliomo. Huo ndio msingi wa aljebra yote ya ngazi hii: chochote unachofanya upande mmoja, fanya kilekile upande wa pili, na usawa hautavunjika. Ukitaka kuondoa 1,800x, iondoe pande zote mbili:

3,000x − 1,800x = 1,800x + 24,000 − 1,800x
1,200x = 24,000
x = 20

Sahani ishirini. Ya ishirini na moja ndiyo inayoanza kumpa faida, na kila sahani kuanzia hapo inamwachia 1,200. Angalia tulichofanya: tumeondoa kitu ambacho hatukijui thamani yake, na tukawa na haki ya kufanya hivyo kwa sababu kipo pande zote mbili. Hatua hii hesabu ya kichwani haiifikii kwa urahisi, na hapo ndipo karatasi inapothibitisha faida yake.

Sasa tazama kanuni ya mkato inavyoifanya kazi hiihii. Mwanafunzi anaambiwa: "1,800x ikivuka sawasawa inakuwa −1,800x." Anapata jibu sahihi bila kujua kwa nini. Kanuni haidanganyi; ni ufupisho wa kutoa kilekile pande mbili. Balaa linaanza anapokutana na 5x = 40. Amefundishwa kwamba kinachovuka kinabadili alama, basi anaivusha 5 na kuandika x = 40 − 5, au x = 40 ÷ −5. Ametii kanuni neno kwa neno na amekosea, kwa kuwa hajui kwamba 5 imezidishwa na x, na kuzidisha hutenguliwa kwa kugawanya. Aliyezoea kujiuliza "nimefanya nini pande zote mbili?" hawezi kufika huko.

Kosa la pili lenye mzizi huohuo ni matumizi mabaya ya alama ya sawasawa. Daftari nyingi zina mistari kama huu: 3 × 12,000 = 36,000 + 4,000 = 40,000. Aliyeandika anamaanisha "nikapata, kisha nikaongeza, nikapata". Lakini alichoandika kinasema mara tatu ya 12,000 ni 40,000, jambo ambalo ni uongo. Kwake alama ya sawasawa inamaanisha "jibu ni". Kwa ufahamu huo 3,000x = 1,800x + 24,000 haina maana kabisa, kwa sababu upande wa kulia hauna jibu, una hesabu nyingine. Usawa lazima ufundishwe tangu shule ya msingi, kwa mistari rahisi kama 7 + 5 = 4 + 8, ili mtoto azoee kwamba alama ile inadai pande mbili ziwe na thamani moja.

Sehemu na ulazima wa kuwatendea wote sawa

Sehemu ndizo zinazowatisha wengi, na kwa kweli zinahitaji hatua moja tu ya ziada. Mfanyabiashara ametumia theluthi ya mtaji wake kununua vitenge na robo kununua mashuka. Amebakiwa na 500,000. Alianza na mtaji gani?

x − x/3 − x/4 = 500,000

Asili ni 3 na 4, na kigawe chao kidogo cha shirika, KDS, ni 12. Zidisha kila kilichomo pande zote mbili kwa 12 ili sehemu ziondoke:

12x − 4x − 3x = 6,000,000
5x = 6,000,000
x = 1,200,000

Hakiki: theluthi ni 400,000, robo ni 300,000, zinabaki 500,000. Kosa linalojirudia hapa ni kuzidisha upande wa kushoto na kuiacha 500,000 ilivyo. Hapo x inatoka 100,000. Kuhakiki kunalifichua mara moja: mtu aliyeanza na laki moja hawezi kubakiwa na laki tano baada ya kununua mali.

Kodi: kosa linalogharimu fedha

Mfano wenye uzito kuliko yote Kariakoo ni wa kodi ya ongezeko la thamani. Mei 2023 wafanyabiashara wa soko hili walipofunga maduka, masuala ya kodi ndiyo yaliyokuwa kiini cha malalamiko yao, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikwenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Siasa ya kodi ina mjadala wake mpana. Hesabu yake ni mlinganyo wa mstari mmoja, na kila mwenye duka anapaswa kuumudu.

Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Mwenye duka aliyesajiliwa ameuza mali kwa 118,000, kodi ikiwa ndani. Ndani ya fedha hiyo kodi ni kiasi gani? Wengi huchukua asilimia 18 ya 118,000 na kupata 21,240. Wamekosea. Asilimia 18 inatozwa kwenye bei kabla ya kodi, na hiyo ndiyo hatuijui. Tuiite x:

x + 0.18x = 118,000
1.18x = 118,000
x = 100,000

Kodi ni 18,000. Kosa ni 3,240 kwa mauzo hayo madogo. Mzigo ukiwa wa 11,800,000, kosa linafika 324,000. Kinachoponza ni kuirusha asilimia kwenye kiasi kisicho chake. Mlinganyo unamlazimisha mtu aandike asilimia 18 ya nini, na akishaandika 0.18x hawezi kuipachika kwenye 118,000.

Faida nayo iko hivyohivyo. Aliyeuza begi kwa 50,000 akiwa ameweka faida ya asilimia 25 juu ya bei ya kununulia hakulinunua kwa 37,500. Alilinunua kwa x ambapo 1.25x = 50,000, yaani 40,000. Anayechukua mzigo kwa mali kauli na kukadiria anachodaiwa kwa kutoa asilimia kutoka bei ya kuuzia atajikuta fedha ya mwenye mali haitimii siku ya kulipa.

Pale jibu linapokataa

Uchambuzi wa milinganyo hauwi kamili bila ile isiyotoa jibu safi.

Maduka mawili yanauza bidhaa moja kwa 2,500 kila pisi. La kwanza usafiri wake kwa guta ni 10,000, la pili 15,000. Ununue pisi ngapi ili gharama zilingane? Andika 2,500x + 10,000 = 2,500x + 15,000. Ondoa 2,500x pande zote mbili, unabaki na 10,000 = 15,000. Huo ni uongo, na uongo huo ndio jibu: hakuna idadi ya pisi itakayolinganisha maduka hayo. Usafiri ungekuwa sawa, ungebaki na 10,000 = 10,000, kweli isiyotaja x, maana yake idadi yoyote inafaa. Mwanafunzi anapoona x imepotea hudhani ameharibu. Afundishwe kuusoma mstari uliobaki: ukiwa uongo hakuna jibu, ukiwa kweli kila namba ni jibu.

Yapo pia majibu yaliyo sahihi kwenye karatasi na yasiyotekelezeka barabarani. Dereva wa bajaji analipwa 2,000 kwa safari. Hesabu ya bosi ni 20,000 kwa siku, mafuta 12,000, naye anataka abaki na 17,000 mkononi. Mlinganyo ni 2,000x − 32,000 = 17,000, na x = 24.5. Nusu safari hailipwi. Safari 24 zitampungukia 1,000, kwa hiyo apige 25. Kutatua ni kazi moja, kulifasiri jibu ni nyingine, na mitihani yetu inaipa ya pili nafasi ndogo mno.

Mwisho kuna hesabu inayoonekana kuwa mlinganyo wa herufi moja ila inahitaji tahadhari: kutuma fedha kwa simu "na ya kutolea". Unataka ndugu yako atoe 50,000 kamili baada ya makato. Ungeandika x − makato = 50,000 na kumaliza, lakini makato hayapandi polepole pamoja na x; yanapangwa kwa madaraja ya viwango. Unachukua makato ya daraja la 50,000, unayajumlisha, halafu unaangalia kama kiasi kipya kimevuka kuingia daraja la juu. Kikivuka, unarudia kwa makato mapya. Mawakala wanafanya hivi kila siku. Hesabu hiyo inatufundisha kwamba kabla ya kutatua lazima uulize kama mlinganyo ulioandika unaisema kweli habari yenyewe.

Kutoka sokoni hadi darasani

Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha kazi waliyoifanya Recife, Brazili. Waliwafuata watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza sokoni na mitaani, wakawauliza bei na chenji kama wateja. Majibu yalikuwa sahihi kwa asilimia 98. Hesabu za aina hiyohiyo zilipowekwa kwenye karatasi kama namba tupu, usahihi ulishuka hadi asilimia 37. Zilipowekwa kama mafumbo, yaani hesabu zenye habari, zilifika asilimia 74 hivi. Walikuwa watoto walewale.

Kariakoo na Recife zinatenganishwa na Atlantiki na upana wa bara zima, lakini anayelijua soko letu ataitambua picha hiyo. Shule za Benjamin Mkapa, Jangwani na Azania ziko umbali wa kutembea kutoka sokoni, na katika jiji la Dar es Salaam si ajabu mwanafunzi akitoka shule aingie dukani kwa wazazi au meza ya ndugu yake. Anapoingia darasani asubuhi tunaianza hesabu kana kwamba hana kitu kichwani.

Lugha inaongeza uzito. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha Hisabati kwa Kiswahili; kidato cha kwanza kinahamia Kiingereza. Mwaka huohuo ambao mtoto anatakiwa kugeuza habari kuwa mlinganyo, habari yenyewe inaletwa kwa lugha ambayo bado anajifunza. Na kuigeuza habari kuwa mlinganyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Hatua zinazofuata ni utaratibu tu; kuandika mstari wa kwanza ni kufikiri. Mtoto asiyeielewa habari hawezi kuuandika mstari wa kwanza hata angekuwa hodari wa kutatua.

Tusije hata hivyo tukalitukuza soko kupita kiasi. Hesabu ya kichwani inakwenda vizuri namba zikiwa za kawaida na x ikiwa imetajwa mara moja. Mbele ya mama lishe na x zake mbili, mbele ya theluthi na robo, au mbele ya VAT iliyofichwa ndani ya bei, mazoea ya sokoni hukwama, na kwenye kodi hupotosha. Soko linampa mtoto kurudi nyuma. Shule lazima impe usawa. Kila upande una deni lake.

Hivyo mpangilio wa kufundisha ungefaa uwe huu. Kwanza habari kwa Kiswahili, yenye bei na idadi ambazo mtoto anazijua, aijibu kwa kichwa na aeleze kwa mdomo alivyofanya. Pili, maelezo hayohayo yaandikwe mstari kwa mstari, mpaka aone kwamba x ni jina la kile alichokuwa anakitafuta. Tatu, MAGAZIJUTO isomwe kinyume. Nne, ije habari yenye x pande mbili, ambayo kichwa kitaishindwa, ili mwanafunzi mwenyewe auone uhitaji wa kulinda usawa. Tano, kila jibu lihakikiwe na lifasiriwe. Ya sita, na ya mwisho kabisa, ndiyo kanuni ya kuvusha na kubadili alama, ikiwa ufupisho kwa aliyekwisha kuelewa.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayongoja bajeti mpya, kitabu kipya au sera mpya. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini anaweza kuanza kesho kwa kuuliza swali moja mbele ya kila mstari ulioandikwa ubaoni: hapa umefanya nini pande zote mbili? Mwanafunzi anayeweza kulijibu kila mara hana tena haja ya kukariri nini kinahama na nini kinabadili alama, kwa sababu kanuni anaweza kuitengeneza mwenyewe.